Kumlipa Mtu Aongeze Kipengele Kwenye Programu Huria

SACCO ya Mbale inayotumia Apache Fineract, programu huria ya kuendesha akaunti na mikopo, ikitaka mfumo usome orodha ya malipo ya mobile money na kuyaingiza kwenye mikopo ya wanachama, haihitaji ruhusa ya yeyote: leseni yake, Apache 2.0, inaruhusu yeyote kuibadilisha. Ngumu ni kukiingiza kipengele hicho kwenye msimbo mkuu wa mradi, yaani maandishi ya programu ambayo watumiaji wote hupewa. Kikibaki kwenye nakala yenu tu, kila toleo jipya mtalipa tena kirekebishwe. Mkiahirisha toleo jipya, mtakosa viraka vya usalama.

Basi kabla ya bei, pekueni maombi yaliyokwisha wasilishwa kwenye mradi, kisha waulizeni watunzaji wake kama wanakitaka. Ombeni kwa upana. "Kusoma malipo ya MTN" ni haja ya wachache. "Kusoma faili la malipo lenye safu zinazopangika" inamfaa hata mtumiaji wa India.

Mtafuteni mtu ambaye mabadiliko yake yamewahi kupokewa na mradi huohuo; historia iko wazi kwa wote. Fundi hodari wa Java, lugha iliyoandikiwa programu hii, asiyeijua Fineract atajifunza kwa pesa zenu.

Maelezo ya kazi yawe na faili halisi, majina na namba za simu zikiwa zimefutwa. Andikeni mfumo ufanye nini muamala ukijirudia, namba isipotambulika, au malipo yakizidi deni. Ugomvi huzukia hapo, si kwenye rangi ya vitufe.

Gaweni malipo: asilimia 20 muundo ukikubaliwa, 50 msimbo na majaribio yake vikifanya kazi kwenye seva yenu ya majaribio, 30 akishajibu maoni ya wakaguzi wa msimbo wa mradi. Msilifunge fungu la mwisho kwenye kupokelewa kwa msimbo na mradi peke yake, maana wakaguzi wengi hujitolea na wanaweza kukaa miezi bila kujibu, pasipo kosa la fundi.

Mkataba useme msimbo utatolewa kwa leseni ileile ya mradi. Mikataba ya mfano ya mawakili yenye "kila kazi ni mali na siri ya mteja" huzuia hilo kabisa.

Fundi akiwa nje ya Uganda, zuio la kodi la asilimia 15 linaweza kuhusika. Mwulizeni mhasibu kabla ya kusaini, na mkataba utaje kiasi ni kabla au baada ya makato.