Kabla hujanunua mche wa tunda wa bustanini (kwa wanaoishi sehemu zisizo na baridi kali)

Mti wa tunda sio mchicha. Mchicha ukikosea unang'oa unapanda mwingine, ila mti ukikosea unakuja kujua baada ya miaka mitatu minne na hapo ushamwagilia, ushaweka mbolea, ushauzoea na kuukata unaona uchungu. Mimi mtufaha wangu wa kwanza niliununua kwa kuvutiwa na picha ya kwenye lebo, ukakua vizuri tu, majani mazuri, lakini maua ya kuhesabu na tunda hamna, miaka minne. Muuzaji hakuniuliza kwangu kuna baridi kiasi gani na mimi sikujua kama hilo ni jambo la kuuliza, kwa hiyo naanza nalo.

Tufaha, peasi, pichi, plamu, hii miti inalala msimu wa baridi na haiamki sawasawa mpaka ipate masaa yake ya baridi. Watu wa kilimo wanahesabu masaa ambayo hewa imekaa kati ya nyuzi 0 na 7 hivi, wanajumlisha msimu mzima. Matufaha mengi ya kawaida yanataka masaa kama 800 mpaka 1,000, sasa kama kwako yanapatikana 200 au 300 mti unachelewa kuchipua, maua yanatoka machache machache kwa wiki nyingi, na hayo machache nayo yanadondoka. Mbolea haitibu hilo. Dawa ni kununua aina inayoridhika na baridi kidogo, na zipo nzuri kabisa: Anna iliyozalishwa Israeli na Dorsett Golden iliyotoka Bahamas, zote zinatosheka na masaa yasiyofika 300, tena zinachanua pamoja na kuchavushana kwa hiyo ukizipata zote mbili umepata jozi. Kwenye pichi kuna Flordaprince ya Chuo Kikuu cha Florida, hiyo masaa kama 150 inatosha. Cheri tamu kwa kweli ningekushauri uachane nayo. Ukitaka raha panda tini au komamanga, havidai baridi nyingi na mti mmoja unazaa wenyewe.

Kwa upande wa pili kuna miti ambayo baridi ndo adui yake. Kama kwako umande unaganda barafu usiku mmoja mmoja kwa mwaka, ndimu ndo inaumia mapema, limau linafuata, chungwa linavumilia kidogo zaidi. Hawa wapande karibu na ukuta unaopigwa na jua mchana maana ukuta unatunza joto, na usiwaweke bondeni kwa sababu hewa ya baridi inateremka kama maji na kutuama huko chini.

Swali la pili muhimu: mti unajichavusha wenyewe au unataka mwenzake? Plamu nyingi za Kijapani zinataka mwenzake wa aina nyingine, japo Santa Rosa inajitegemea. Parachichi lenyewe lina mambo yake na mimi nalipenda kwa hilo. Ua moja linafunguka mara mbili, mara ya kwanza kama jike, linafunga, kesho yake linafunguka kama dume. Aina za parachichi ziko makundi mawili: kundi A, mfano Hass, asubuhi ni jike na kesho yake mchana ni dume, kundi B, mfano Fuerte, ni kinyume chake, kwa hiyo ukiwa na A na B karibu kila wakati kuna dume na jike waliofunguka pamoja. Hass peke yake itazaa ila na jirani wa kundi B mara nyingi inazaa zaidi, na huyo jirani anaweza kuwa mti wa nyumba ya pili, chungulia ukutani kwanza kabla hujatoa hela ya miti miwili.

Nafasi pia. Usiangalie mche ulivyo, uliza utakavyokuwa. Parachichi linaweza kupita mita 10 wakati tufaha lililobebeshwa (yaani tawi la aina unayoitaka limeunganishwa juu ya shina la chini la mti mwingine) kwenye shina la chini linalofanya mti ubaki mfupi, mfano lile linaloitwa M9, linaishia mita 2 na nusu mpaka 3 na unachuma ukiwa umesimama chini.

Sasa umefika kitaluni. Chukua mche uliobebeshwa, sio wa kokwa, kokwa la parachichi linaweza kukuchukua miaka saba hata kumi na tunda lisifanane na mama yake, ila uliobebeshwa miaka mitatu minne unakula. Tafuta kovu la kiungo chini kwenye shina, liwe limepona na halichezi ukiligusa. Chipukizi linalotoka chini ya kiungo sio tunda ulilolipia, ni la shina la chini, na mche ambao sehemu kubwa ya majani yake yanatoka huko uache hapohapo.

Mzizi ndo kila kitu. Omba muuzaji autoe kidogo kwenye kopo, kama mizizi imejiviringisha imezunguka kama kamba basi mche umekaa humo muda mrefu mno na huo mzunguko mti unaubeba hadi ukubwani. Ndo maana mche mrefu wenye matunda tayari haunivutii, mara nyingi mdogo wenye mizizi iliyotulia unaupita baada ya misimu miwili. Angalia na mgongo wa majani, wadudu wanajificha huko, na kwenye shina usikubali jeraha linalotoa utomvu.

Miti inayopukutisha majani inauzwa pia ikiwa imelala, mizizi wazi bila udongo, bei yake ni rahisi zaidi na inashika vizuri, ila mizizi isikauke hata nusu saa, ifunge na gunia bichi njia nzima na panda siku hiyohiyo, kiungo kikae juu ya udongo. Jina la aina liandike kwenye daftari, lebo za plastiki zinafutika na jua.