Kabla ya Kupiga Lipu Jengo la Kale

Ukiwa na jengo la mawe la zamani mjini Moshi au Arusha, usianze na saruji. Anza na msumari. Kwangua kiungo kati ya jiwe na jiwe, mahali pasipoonekana sana. Kikimomonyoka kuwa unga mweupe wenye chembe za mchanga, aghlabu hiyo ni chokaa, na ukuta huo hutoa unyevu kupitia viungo vyake. Ukiufunika kwa lipu ya saruji, maji yaliyopenya wakati wa masika na yale yanayopanda kutoka msingini hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya, na jiwe huanza kumeguka nyuma ya lipu inayoonekana nzima.

Maliza habari ya maji kwanza: paa, gata, na udongo uliorundikana ukutani. Kisha piga picha na uandike vipimo vya kila upande. Toa viungo vilivyolegea kwa patasi na nyundo ndogo, lowesha, na ujaze mchanganyiko wa sehemu moja ya chokaa iliyozimwa vizuri (yaani iliyokwisha kuchanganywa na maji ikatulia) kwa sehemu tatu za mchanga msafi, ukivaa glavu kwa sababu chokaa huunguza. Funika kwa magunia mabichi kwa siku kadhaa. Fundi aliyezoea saruji atalalamika kwamba haikauki, mwache alalamike.

Linalosahauliwa zaidi ni nani waliojenga na nani walioteseka humo. Katika kisiwa cha Wadjemup, ambacho ramani nyingi hukiita Rottnest, magharibi mwa Australia, wenyeji wa asili wapatao 4,000, wanaume na wavulana, walifungwa kuanzia mwaka 1838, na wafungwa hao ndio waliojenga majengo mengi ya kisiwa hicho. Gereza lao la mwaka 1864, liitwalo Quod, baadaye liligeuzwa nyumba ya wageni, na watalii walilala humo hadi 2018, huku sehemu ya makaburi yao ikiwa imetumiwa kwa miaka mingi kama kambi ya mahema. Kuta zilitunzwa, waliofia humo wakasahauliwa.

Nasi tunayo Boma la Arusha, lililojengwa na Wajerumani mnamo 1900 na ambalo leo ni makumbusho, pamoja na nyumba nyingi za enzi hiyo zisizo na kibao. Kwa hiyo, kabla ya kukwangua rangi ya zamani, waulize wazee wa mtaa kila chumba kilitumika kwa kazi gani, yaandike majibu yao pamoja na vipimo vyako, na pete ya chuma au mchoro wowote utakaoukuta ukutani uuache palepale ulipo.