Gazeti limekuandika vibaya? Anza hivi kabla ya kukimbilia wakili

Kwanza piga skrinshoti, halafu ndo ukasirike. Nasema hivyo kwa sababu picha ya mjomba wangu iliwahi kuwekwa kwenye stori ya watu walioshikwa na hati feki za mashamba, kumbe yeye siku hiyo alipita tu kortini kwa shughuli zake, sasa sisi tukapiga simu kwa fujo, wakabadilisha picha kimyakimya, tukabaki hatuna ushahidi na ile ya kwanza inazunguka WhatsApp mpaka kijijini. Kwa hiyo skrinshoti ionyeshe kichwa cha habari, tarehe na linki. Kama ni la karatasi nunua nakala mbili.

Ripota muache, mara nyingi kichwa na picha hakuchagua yeye. Andikia mhariri, imeli fupi tu: mmeandika hivi, ukweli ni huu, ushahidi huu hapa. Ukianza matusi itasomwa na wakili wao. Kama uko Kenya taja Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010, inakupa haki ya habari za uongo au za kupotosha zinazokuathiri zirekebishwe au zifutwe.

Sasa hapo kwenye kufutwa ndo wengi hujikwaa. Mimi ningeomba irekebishwe, maana ikifutwa waliosoma wanabaki na uongo ule ule kichwani. Omba maelezo yakae ndani ya stori ile ile, yaseme kilichokosewa ni nini na kimesahihishwa lini, na kama waliiposti Facebook basi sahihisho liende huko huko. Ile ya "tunaomba radhi kwa usumbufu" bila kutaja kosa lenyewe, usikubali.

Wakisema stori ni ya zamani, wakumbushe kwamba gazeti la Marekani, New York Times, mwaka 2014 walisahihisha jina la Solomon Northup, mtu mweusi huru aliyetekwa akauzwa utumwani, kwenye habari waliyoichapa 1853, miaka 161 baadaye!

Wakinyamaza, Kenya kuna Baraza la Vyombo vya Habari lenye tume yake ya malalamiko, inaweza kuamuru chombo kisahihishe na kuomba radhi, na Tanzania kuna Baraza la Habari, MCT, lenye kamati ya maadili. Nenda na zile skrinshoti pamoja na imeli uliyomtumia mhariri, tarehe ionekane.