Jinsi Wakazi Wanavyoweza Kuanza Kulikomboa Bwawa la Nairobi

Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kati ya Kibera na Lang'ata ili liwe akiba ya maji ya jiji, liliwahi kuwa uwanja wa mashua za tanga. Leo sehemu yake kubwa imemezwa na tope na gugu maji. Kikundi cha wakazi kinachotaka kulisaidia kisianzie bwawani. Kianzie juu, kwenye Mto Motoine na mitaro inayomwaga ndani yake, kwa sababu gugu hilo hushibishwa na uchafu wa vyooni na maji ya kufulia, na maadamu chakula hicho kinaendelea kuingia, linalong'olewa leo litarudi: hali ikiliruhusu, huongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi.

Tembeeni mkondo wote kwa miguu, mkiandika kila bomba, choo na jaa la taka, na kupiga picha zenye tarehe. Ifanyeni kazi hiyo mara mbili, wakati wa kiangazi na baada ya mvua kubwa, kwa kuwa kiangazi hufichua majitaka yanayotiririka kila siku, ilhali mvua huonyesha plastiki na udongo vinakotoka. Kisha wafuateni wenye nyumba na vijana wanaokusanya taka kwa malipo. Hawa wa pili wakikosa mahali halali pa kuzimwaga, mtaro ndio utakaozipokea, na hapo ndipo juhudi nyingi huvunjika.

Kung'oa gugu kufuate baadaye, kabla halijatoa maua, kwani mbegu zake hukaa hai topeni kwa miaka mingi. Vaeni mabuti na glavu. Lirundikeni mbali na ukingo, wala msilifanye mboji ya mboga, maana hufyonza metali nzito.

Jisajilini kuwa chama cha watumiaji wa rasilimali za maji, ambacho Sheria ya Maji ya 2016 inakitambua. Uchafuzi ukiendelea, Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara.

Wanaoishi ukingoni kabisa waitwe tangu kikao cha kwanza: wao ndio wanaohofia kubomolewa nyumba, na ndio wanaoona usiku nani anamwaga nini.