Jinsi ya Kujifunza Historia ya Upigaji Picha kwa Kamera Yako

Anayetaka kuifahamu historia ya upigaji picha asianze kwa kukariri majina; achague picha moja ya zamani, aichunguze kwa makini, kisha ajaribu kuipiga upya hapa Mombasa. Mfano mzuri ni picha ya mtaa wa Paris aliyoipiga Louis Daguerre, Mfaransa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, mwaka 1838. Barabara inaonekana tupu kwa sababu mwanga ulihitaji dakika kadhaa kuichora taswira, hivyo wapita njia hawakunaswa, ila mtu aliyesimama akisafishiwa viatu. Ili ulielewe jambo hilo, weka kamera kwenye stendi karibu na Fort Jesus giza likianza kuingia, punguza ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) hadi 100, chagua f/16 (tundu dogo la lenzi), kisha uache shata, yaani kilango cha kuingizia mwanga, wazi kwa sekunde 30. Wanaotembea watafifia, waliotulia barazani watabaki.

Picha za habari zaweza kusubiri, ingawa kazi za Mohamed Amin, mwanahabari wa picha wa Kenya, kuhusu njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 zafaa kutazamwa mapema.

Zingatia zaidi picha za watu, ambako, kwa maoni yangu, Afrika imeufunza ulimwengu mengi. Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, alitumia mwanga wa jua na kutundika vitambaa vyenye maua nyuma ya wateja. Hapa Mombasa, N. V. Parekh alikuwa na studio yake. Tundika leso uani penye kivuli, omba ruhusa ya unayempiga, umketishe hatua mbili mbele ya leso, uso wake ukielekea penye mwanga.