Kugawa Shamba Kuwa Viwanja: Kutoka Mchoro Hadi Usajili

Kiwanja hakiwi kiwanja kwa kuchorwa wala kwa kupandwa mawe ya mipaka. Kisheria kinakuwepo ramani ya mwisho ikishaidhinishwa na kusajiliwa. Kabla ya hapo, lote lingali shamba moja lenye hati moja. Anayeuza mapema anauza kitu ambacho hawezi kumhamishia mnunuzi.

Anzia masijala ya ardhi. Fanya upekuzi wa hati: nani mmiliki, eneo ni kiasi gani, kuna rehani, zuio, haki ya jirani kupita, bomba au njia ya umeme? Kama kuna rehani, pata ridhaa ya mkopeshaji kwa maandishi. Kisha ulizia mamlaka ya mipango matumizi yanayoruhusiwa, ukubwa wa chini wa kiwanja na upana wa chini wa upande unaotazama barabara. Viwango hivyo hutofautiana baina ya mamlaka, kwa hiyo usiazime vya kwingine.

Mpimaji ahakiki kwanza mipaka ya nje kutoka kwenye mawe yaliyosajiliwa, si kwenye uzio. Uzio husogezwa. Kumbuka pia kwamba umbali wa ramani ni wa mlalo: kwenye mteremko wa asilimia 20, mita 100 za tepu iliyolazwa juu ya ardhi ni mita 98.06 tu kwenye ramani. Ukipanga viwanja vitano vya mita 20 kwa tepu hiyo, cha mwisho kitapungukiwa karibu mita 2, na huenda kikashuka chini ya kiwango.

Sasa hesabu. Chukua hekta 1 yenye mita 100 kwa 100. Barabara ya mita 12 ikipita katikati inakula mita za mraba 1,200. Zinabaki 8,800: safu mbili zenye kina cha mita 44, viwanja vitano kila safu, kila kimoja mita za mraba 880. Hapo bado hujakata kona za makutano, njia ya maji ya mvua wala eneo la wazi likidaiwa. Barabara isiyotokea upande wa pili huhitaji pia mahali pa kugeuzia gari la zimamoto na la taka. Kwa hiyo usitangaze viwanja 10 kwa sababu tu hesabu ya kwanza imekupa 10.

Mchoro wa awali hupitiwa na wahusika wa barabara, maji, umeme na mazingira. Maji ya mvua ndiyo hurudisha michoro mingi: onyesha kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa), uelekeo wa maji na mahali yanapoishia, maana kuyamwaga kwa jirani si suluhisho. Kibali cha hatua hii huja na masharti, na mara nyingi na muda wa mwisho. Kisome chote.

Timiza masharti: jenga barabara na mitaro, au weka dhamana pale inapokubaliwa. Ndipo mawe hupandwa na ramani ya mwisho kuchorwa. Lazima ifuate mchoro ulioidhinishwa. Kusogeza mstari ili kumpendeza mnunuzi kunaweza kukurudisha mwanzo. Kabla ya kutia saini, jumlisha maeneo ya viwanja, barabara na sehemu za wazi. Jumla isipolingana na eneo la shamba zima, rudisha ramani kwa mpimaji.