Kuandika hadithi ya Muscat bila kufika Muscat

Tuseme mhusika wako ni binti wa Unguja anayefanya kazi za ndani Mutrah, kando ya bandari ya Muscat, na wewe hujawahi kufika Oman. Inaandikika. Mimi hufuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Chagua mwaka na mwezi kabla ya sentensi ya kwanza. Hadi 2014 bandari ya Mutrah ilishusha makontena. Mwaka huo shehena ikahamishiwa bandari ya Sohar, meli za watalii zikabaki. Mapumziko ya wiki yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, kisha 2013 yakawa Ijumaa na Jumamosi. Usipotaja mwaka, hujui binti anaona nini dirishani wala bosi wake yuko nyumbani siku gani.

Hatua ya 2: Kagua mazoea yako ya nyumbani. Hapa tumia muda mwingi kuliko kwingine kote, maana tunakosea zaidi katika yale tusiyofikiria kuyauliza. Zanzibar jua huzama saa 12 na ushei mwaka mzima. Muscat, Desemba huzama karibu saa 11 na nusu. Juni, saa 1 kasoro kidogo. Ukimfuturisha mtu kwa saa ya Unguja, msomaji wa kule atakukamata papo hapo. Magari huendeshwa upande wa kulia, kwa hiyo binti akivuka barabara siku ya kwanza atatazama upande usio sahihi. Riyali moja ina baisa 1,000. Na Juni hadi Agosti sheria husimamisha kazi za juani saa 6:30 hadi 9:30 mchana. Usiandike mafundi wakigonga nyundo saa 8.

Hatua ya 3: Fuata njia moja tu kwenye ramani ya setilaiti, kutoka nyumbani kwa bosi hadi sokoni. Angalia kivuli kiko wapi.

Hatua ya 4: Tafuta watu waliowahi kuishi huko. Unguja hawakosekani, kwani wengi walihamia Oman baada ya 1964, na zipo familia za Muscat zinazozungumza Kiswahili hadi leo. Hilo peke yake linaweza kugeuza mazungumzo yote ya hadithi yako: bosi huenda anaelewa kila neno binti analonong'ona kwenye simu. Usiulize "Muscat kukoje?" Utajibiwa "kuzuri". Uliza maji ya bomba yakoje mchana wa Julai, na nani hutumwa sokoni.

Hatua ya 5: Futa kila ambacho binti huyu asingekiona. Kisha mpe mswada mmoja wa watu hao, aweke alama kila aliposita.